Haki ya Mwanafunzi Mwaka wa Masomo Ukomapo

Twamhimidi Mwenyezi Mungu aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu, akaufanya usiku kuwa stara na usingizi kuwa raha ya viungo. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Ndugu zangu Waislamu wa pwani, zamani zetu neno chuo lilikuwa na maana moja: ni pale kwa maalim, penye mkeka na ubao na juzuu. Mtoto alikwenda asubuhi, na adhuhuri yu kwao, mamake amwona kama ana homa au ana njaa. Leo mtu akisema, "Mwanangu yuko chuoni," maana yake yu Dar es Salaam, au Dodoma, au Morogoro, au Unguja, na babake hamwoni ila mara moja au mbili kwa mwaka. Na ifikapo miezi ya Juni na Julai, ambayo kwa vyuo vingi vya nchi yetu ndiyo miezi ya mitihani ya kufungia mwaka, mimi huletewa majina ya vijana niwaombee dua. Baba huja msikitini baada ya Alasiri akasema, "Maalim, mwombee mwanangu apasi." Sikumbuki hata mmoja aliyepata kuniambia, "Maalim, mwombee mwanangu apate usingizi."

Basi nimeona yanipasa niandike waraka huu mfupi, niwaeleze baba wenzangu haki aliyo nayo mwanafunzi juu yetu wakati huo wa mwisho wa mwaka, kwa dalili za sheria, na kwa maneno ya maimamu wa madhehebu yetu ya Shafii, na kwa yale waliyoyathibitisha matabibu.

KISA

Nitawatajieni kwanza jambo lililonipata, wala silitaji ila kwa kuwa kosa lake ni langu.

Alikuwako kijana aliyekhitimu Kurani katika chuo changu. Babake ni mtu ninayesali naye safu moja. Akasoma skuli, akafaulu, akapata nafasi ya kusomea uhandisi Dar es Salaam. Siku ya safari tulimsindikiza stendi. Babake akamshika mkono akamwambia, "Mwanangu, tumeuza minazi kwa ajili yako. Usirudi na aibu." Sote tuliokuwapo tukaitikia amin. Lilikuwa neno la mapenzi, wala hapana mmoja wetu aliyeliona lina uzito gani kwa mwenye kulibeba.

Mwaka wake wa pili ulipokaribia kwisha, usiku mmoja baada ya Isha alinipigia simu. Akasema, "Shikamoo maalim." Nikamwitikia. Akasema, "Maalim, leo siku ya tano silali ila kidogo. Nasoma ukurasa, nifikapo chini sijui nilichokisoma juu. Moyo wanidunda. Nikisali sijui ni rakaa ya ngapi." Nikamjibu, "Huo ni udhaifu wa imani. Zidisha uradi, wala usimtie babako khofu." Akasema, "Haya, maalim." Simu ikakatika. Nami nikalala usiku ule vizuri.

Matokeo yalipotoka alikuwa ameanguka masomo mawili. Akapanda basi kuja Tanga. Babake akamngoja stendi hata basi likabaki tupu, asimwone. Akaambiwa kuwa kijana aliteremka Segera, pale njia inapogawanyika, moja yaja Tanga na moja yaenda Moshi. Simu yake ikawa imezimwa. Siku mbili babake na mamake hawakula. Siku ya tatu ikaja simu ya imamu wa msikiti mmoja wa njiani. Alimkuta kijana amejikunja pembeni mwa msikiti baada ya Subhi. Hakumwuliza amepata ngapi wala ametoka wapi. Alimwuliza amekula lini. Akampa uji, akamtandikia jamvi, akamwacha alale, asimwamshe ila kwa sala. Hata alipopata nguvu ndipo alipomwuliza kwa nini hakwenda kwao, na ilikuwa imebaki safari ya saa moja na kitu. Kijana akasema, "Baba aliniambia nisirudi na aibu. Nami ninayo."

Tulipokwenda kumchukua babake alilia mbele za watu. Mimi sikuwa na la kusema, kwani imamu yule, ambaye hajasoma vitabu nilivyosoma, ndiye aliyefanya sunna, na mimi mwenye vitabu ndiye niliyeiacha.

FASILI YA KWANZA: MWILI UNA HAKI YAKE

Jueni ndugu zangu kwamba mwili wa mtu si mali yake akautumie apendavyo, ni amana. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alifunga udugu baina ya Salman na Abu Dardai. Salman alipomzuru nduguye akamkuta ameacha chakula kwa kufunga mchana, na ameacha usingizi kwa kusimama usiku. Salman akamlazimisha kula, na usiku kila alipotaka kusimama akamwambia alale, hata ulipofika mwisho wa usiku wakaamka wote wawili wakasali. Kisha akamweleza kwamba Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na watu wake wana haki, basi kila mwenye haki apewe yake. Khabari ikafika kwa Mtume, naye akamsadiki Salman.

Na imepokewa tena kwamba Mtume aliingia msikitini akaona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akauliza, akaambiwa ni ya Zainabu, hujishika nayo achokapo katika sala. Akaamuru ifunguliwe, na akaagiza kwamba mtu asali akiwa na uchangamfu, na akichoka apumzike. Na katika hadithi nyingine amemwamuru mwenye kusinzia ndani ya sala ende alale, kwani huenda akataka kujiombea msamaha, kumbe ajiapiza.

Sasa tazameni kiyasi hiki, ambacho wanazuoni wa usuli hukiita kiyasi cha aula, yaani kulihukumu jambo kwa hukumu ya jingine, kwa kuwa lenyewe laistahiki hukumu hiyo zaidi. Sala ya usiku ni ibada bora baada ya faradhi, na juu ya hivyo mwenye kuchoka ameamrishwa kuiacha akalale. Basi itakuwaje kitabu cha hesabu au cha sheria za nchi? Ikiwa kamba ya Zainabu ilifunguliwa, ni nani aliyeturuhusu sisi kuwafungia watoto wetu kamba mfano wa ile, na badala ya nguzo mbili tukaifunga baina ya matumaini yetu na khofu yao?

FASILI YA PILI: JAWABU LA MWENYE KULETA MFANO WA IMAMU NAWAWI

Huenda msemaji akasema: "Wanazuoni wetu walipata elimu kwa kukesha. Imamu Nawawi alikaa kiasi cha miaka miwili hakuulaza ubavu wake chini, na kila siku alisoma masomo kumi na mawili. Vijana wa leo ni wavivu."

Tutamjibu kwa mambo mawili. La kwanza, hayo yamepokewa kweli kwa Imamu Nawawi, Mwenyezi Mungu amrehemu, tangu alipofika Damascus mwaka 649 wa Hijra. Lakini mwenyewe alipokaa kuandika adabu za mwanafunzi, mwanzoni mwa kitabu chake al-Majmuu, hakuwaamuru watu hayo. Alimkataza mwanafunzi kujitwika asichokiweza, kwa kukhofia kuchoka na kukinai, na akasema kwamba watu hawako sawa katika jambo hilo. Aliyoyafanya kwa nafsi yake ni yake na Mola wake, naye alifariki mwaka 676, umri wake miaka 45 tu. Mafunzo aliyotuachia sisi ni yale aliyoyaandika.

La pili, Imamu Badruddin Ibn Jamaa, naye ni Shafii na alikuwa kadhi mkuu, aliandika kitabu makhsusi juu ya adabu za mwalimu na mwanafunzi. Ndani yake amemhimiza mwanafunzi apunguze usingizi, lakini kwa sharti usimdhuru mwili wala akili. Na kiwango alichokiweka kuwa asikipite ni saa nane katika usiku na mchana, yaani thuluthi ya siku, na mwenye kuweza chini ya hizo bila madhara na afanye. Kisha akasema hapana ubaya mwanafunzi kuupumzisha moyo wake na akili yake na macho yake yachokapo, kwa kutembea na kuangalia mahali penye kupendeza, kisha arudi kwenye kazi yake. Maneno haya yaliandikwa zaidi ya miaka 700 iliyopita, na aliyeyaandika hakuwa mvivu.

Na wazee wetu wa pwani waliyajua hayo bila ya kuyaandika. Chuo cha Kurani hufungwa Alkhamisi jioni, na Ijumaa watoto hawasomi. Maalim akali asiyeacha hata kosa moja la irabu, naye Ijumaa huwaachia watoto wakaoge baharini. Tumelirithi jambo hili kwa watoto wa miaka saba, kisha tukalisahau kwa vijana wa miaka ishirini.

FASILI YA TATU: WASEMAYO MATABIBU

Matabibu wa zama hizi wamechunguza usingizi, wakaona kwamba mtu wa umri wa miaka 18 hadi 25 humfaa saa saba hadi tisa kwa usiku mmoja. Na wameona jambo ambalo kila mwanafunzi yampasa alijue: kile ukisomacho mchana, akili hukithibitisha usiku ulalapo. Mwenye kukesha akasoma hata alfajiri ni kama mtu aliyemwaga saruji, kisha asiingoje kukauka, akapita juu yake. Asubuhi huingia katika chumba cha mtihani na akili nzito, na aliyoyasoma yamekuwa vipande vipande.

Na wengi wao, ili wasilale, hunywa kahawa kwa wingi au vile vinywaji vya makopo vya kutia nguvu. Dawa iliyomo ndani yake, iitwayo kafeini, baada ya kiasi cha saa tano nusu yake bado imo mwilini. Kwa hivyo anywaye saa nne ya usiku, saa tisa ya usiku bado anayo. Akitaka kulala hawezi, na moyo wamwenda mbio, naye hudhani ni khofu ya mtihani peke yake. Na wapo wanaoingia katika mirungi, ambayo sheria ya Tanzania imeikataza, wakatoka katika dhiki ndogo wakaingia kubwa.

Tena kuna njaa. Wako vijana wanaosoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2004, na fedha zao za kujikimu wenyewe huziita bumu. Mwisho wa mwaka fedha hizo huwa zimekwisha, na mitihani haijesha. Hapo kijana hula mara moja kwa siku, na wamelitungia jina la mzaha, wasema wanapiga pasi ndefu. Baba aliye nyumbani hajui, kwa kuwa kijana haya yamzuia kuomba. Mtume wetu alikuwa akikithiri kumwomba Mola wake kinga, na katika dua moja amekusanya hamu na huzuni pamoja na uzito wa deni. Hakuzikusanya bure. Moyo wenye deni na tumbo lenye njaa havipati utulivu.

FASILI YA NNE: DHIKI YA MOYO SI UDHAIFU WA IMANI

Hapa ndipo nilipokosea mimi, na wengi miongoni mwa waalimu hukosea. Kijana akituambia kwamba moyo wake umekuwa mzito, twamwambia imani yake ni haba. Lakini Nabii Yaakub, amani imshukie, alihuzunika hata macho yake yakawa meupe, kama ilivyotajwa katika Sura ya Yusuf, aya ya 84. Nani atasema kwamba Nabii wa Mwenyezi Mungu alikuwa na imani haba?

Na ikiwa mtataka mfano wa mwanachuoni, basi huyu hapa mkubwa wa Mashafii katika zama zake, Imamu Ghazali. Alipewa kufundisha katika madrasa ya Nidhamiyya ya Baghdad mwaka 484 wa Hijra, naye ana umri wa kiasi cha miaka 34. Hapakuwa na cheo cha elimu kikubwa kuliko kile. Mwaka 488, mwezi wa Rajabu, yakampata yale aliyoyaeleza mwenyewe katika kitabu chake al-Munqidh: ulimi ukamfunga akawa hawezi kusema neno mbele ya wanafunzi, kisha huzuni ikaingia moyoni, chakula kikawa hakishuki, na nguvu zikamwisha. Waganga wakakata tamaa, wakasema kwamba jambo hili limeanza moyoni ndipo likaenea mwilini, wala halina dawa mpaka moyo upate faraja. Akaiacha Baghdad na cheo chake, akatembea nchi, wala hakurudi kufundisha katika Nidhamiyya, ile ya Nishapur, ila mwaka 499, baada ya miaka kumi na moja. Na katika miaka ile ya kukaa kando ndipo alipoandika Ihyaa, kitabu ambacho hata leo twakisomesha misikitini.

Zingatieni hayo. Lau watu wa zama zake wangalimwambia, "Huo ni udhaifu wa imani, simama ufundishe," huenda tusingalikuwa na Ihyaa. Basi kijana akwambiapo hawezi, usikimbilie kumkaripia. Uradi na dua ni dawa, wala sizipunguzi. Lakini Mtume aliyetufundisha dua ndiye aliyetuamuru kutafuta matibabu, na akatwambia kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa yake. Anayempeleka mwanawe kwa daktari kwa homa, kisha akamzuia kwenda kwa daktari wa nafsi kwa kuogopa watu watasema nini, amechukua nusu ya sunna akaacha nusu.

FASILI YA TANO: KUANGUKA MTIHANI SI DHAMBI

Katika dini yetu aibu ya kweli ni maasi. Kuanguka mtihani kwa mwenye kujitahidi si maasi. Ni jambo alilokadiriwa, kama mvuvi aliyetupa wavu wake sawasawa akarudi mtupu. Hapana mwanamke wa pwani anayemfungia mumewe mlango kwa kuwa leo bahari haikutoa. Wala sheria za vyuo hazikufunga mlango: aliyeanguka somo hupewa mtihani wa marudio, ambao vijana huuita sapu, na aliyepatwa na maradhi huweza kuahirisha mitihani yake au mwaka wake kwa barua ya daktari, kwa kupitia ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Hata yule aliyeondoshwa masomoni, wanayesema amedisko, hakuondoshwa katika umati Muhammad wala katika nyumba ya babake.

Na katika kuahirisha pana kiyasi kingine. Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa ya kula mwezi wa Ramadhani, akalipa siku nyingine. Ramadhani ni nguzo ya Uislamu, na mgonjwa haoni haya kuifungua. Basi kwa nini kijana mgonjwa aone haya kuuahirisha mtihani wa wanadamu?

Akisema msemaji: "Na aliyeanguka kwa uvivu na mchezo, naye tumpakate?" Tutamjibu: mvivu hupewa nasaha yake, na babake ana haki ya kumhesabu. Lakini hesabu ina wakati wake. Akifika, kwanza ale, alale, amsalimie mamake. Siku ya tatu au ya nne, mkiwa wawili peke yenu, mwulize. Mwenye kumkaripia mtu aliyetoka safari hajamwambia kaa kitako, hakumfunza kitu ila kutorudi.

FASILI YA SITA: DALILI ZA KHATARI

Hili nalo nalisema wazi ingawa ni zito. Shirika la Afya Duniani limehesabu kwamba mwaka 2021 watu wapatao 727,000 ulimwenguni walikufa kwa kujiua, na kwamba katika watu wa umri wa miaka 15 hadi 29 hiyo ilikuwa sababu ya tatu ya vifo. Umri huo ndio umri wa wanafunzi wa vyuo. Tusiseme kwamba Waislamu hayawafiki.

Dalili zake ni hizi: kijana kukosa usingizi au kulala mchana kutwa kwa muda wa wiki mbili au zaidi, kuacha chakula, kujitenga na wenzake na kuacha jamaa msikitini alikokuwa akienda, kugawa vitu vyake, kuomba radhi kama mwenye kuaga, na kusema kwamba wengine watapata raha asipokuwako. Ukiona hayo, mwulize wazi na kwa upole kama amefikiri kujidhuru. Matabibu wamethibitisha kwamba kumwuliza hakumtii fikra hiyo, bali humpunguzia mzigo. Kisha usimwache peke yake, umwondolee cha kujidhuru, na umpeleke hospitali siku ile ile. Akiwa yu mbali, mpigie mwenzake wa chumbani akae naye mpaka ufike.

Ama hukumu yake, kujiua ni haramu kubwa. Na aya ya 29 ya Sura ya Nisaa iliyotukataza kujiua imemalizia kwa kutaja kwamba Mwenyezi Mungu ni mwenye kuturehemu. Kwa hivyo tukimkataza kijana, tumkataze kwa njia hiyo ya rehema. Na likiwa limekwisha tokea kwa amri ya Mungu, basi fahamuni kwamba katika madhehebu ya Shafii maiti huyo huoshwa, na hukafiniwa, na husaliwa, na huzikwa pamoja na Waislamu. Imamu Nawawi ameyasema hayo. Siku moja niliona jeneza limekaa, na watu wasimama mbali wakinong'ona kama husaliwa au hasaliwi, na mamake yuko ndani awasikia. Hiyo haikuwa sheria. Ulikuwa ujinga na ugumu wa mioyo. Wala hatujui aliyetangulia akili yake ilikuwa wapi saa ile. Aliyeondokewa na akili kalamu imeinuliwa juu yake, na hesabu ni ya Mola wake. Na majirani zetu wa Kenya, mwezi wa Januari 2025, Mahakama Kuu yao iliamua kwamba sheria ya kumshitaki aliyejaribu kujiua yapingana na katiba, kwani mtu huyo ahitaji tiba. Mahakama ikiliona hilo, sisi watu wa rehema tuwe wa kwanza.

KHATIMA: WASIA

Wewe baba, kuanzia mwezi wa Mei mpigie mwanao kila wiki, na umwulize kwa taratibu hii. Kwanza, umelala? Pili, umekula, na una kitu cha kulia kesho? Tatu, una deni au neno linalokutatiza? Nne, sala zako u salama nazo? Kisha ndiyo tano, masomo yaendaje? Ukianza na la tano, hayo manne hutayasikia kamwe. Na ukiwa na shilingi elfu kumi, mpelekee wakati wa mitihani usingoje akuombe. Sadaka iliyo bora ni ya mtu kwa watu wake.

Nawe kijana, ukisha kusali Isha soma kwa muda ulioupanga, kisha zima simu ulale. Amka kabla ya Alfajiri kwa saa moja, usali rakaa zako, usome akili ikiwa safi. Mtume ameuombea umati wake baraka katika asubuhi zao. Kahawa iache baada ya Adhuhuri. Alasiri toka utembee. Soma pamoja na mwenzako, kwani mwenye kusoma peke yake khofu yake huzaana. Na ukiona mzigo umekushinda, sema mapema, kwa babako, au kwa Mshauri wa Wanafunzi, au kwa daktari, au kwa maalim wako. Maalim akikujibu kama nilivyomjibu yule kijana, usinyamaze; mwambie mwingine.

Ama kijana yule, alitibiwa, akaahirisha mwaka kwa barua ya daktari, akarudi, akarudia yale masomo mawili akafaulu, na shahada yake akaipata nyuma ya wenzake kwa mwaka mmoja. Sijasikia mpaka leo mtu akimwuliza mwaka ule ulikwenda wapi. Na lau asingalifaulu, angalibaki kuwa mtoto wa babake na mwanafunzi wangu, hapunguki kitu. Nilimwomba radhi mbele ya babake, naye akanisamehe. Nami nalitaja hili ili waalimu wenzangu wasione tabu kufanya hivyo.

Mwaka uliofuata ndugu yake mdogo naye alipata chuo. Tukamsindikiza stendi ile ile. Babake akamshika mkono, akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, nenda kasome kwa bidii. Na lolote litakalokupata, rudi nyumbani." Tukaitikia amin, na mara hii tulijua twaitikia nini.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu na akili zao na miili yao, awafungulie fahamu zao, na atujaalie sisi kuwa mlango wanaoukimbilia, tusiwe mlango wanaoukimbia. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.